Kuni za Mikate Kumi na Mitano

Tanuri la Mzee Unga liko nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jiko na kamba ya kuanikia nguo. Ni la matofali, na mdomo wake unameza sinia mbili kwa mara moja. Kwa miaka thelathini na moja tanuri hilo lilikula kuni kila siku, ukiacha Jumapili. Mvua inyeshe, jua liwake, mtu augue, mkate ulipikwa.

Mzee Unga alipata jina hilo kwa sababu unga haukumtoka kwenye nyusi. Anawe, aoge, avae shati la kutokea, unga ungali pale pale. Mke wake alikuwa akimtania, "Wewe hata kaburini utaingia na unga wako." Naye alicheka, kwa maana alijua ni kweli. Miaka miwili iliyopita alifariki. Mke wake alipomtazama mara ya mwisho, aliona unga kidogo kwenye unyusi wa kushoto. Aliinua kidole aufute, kisha akaurudisha mkono wake.

Kazi ikabaki kwa binti yao. Watu humwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja, ambao sasa wako shule ya bweni. Aliacha kazi yake ya kusuka nywele, akarudi nyumbani kukaa na mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Mkate aliujua tangu utotoni. Alijua kukanda na kuumua, na alijua kunyoosha kiganja mdomoni mwa tanuri na kusema kama limeiva au bado.

Kila alfajiri alipanga kuni na kuziwasha. Aliacha moto uungue mpaka matofali ya ndani yatoke kwenye weusi wa moshi na kuwa meupe. Kisha alitoa makaa, akafagia majivu, akaingiza mikate. Harufu ilipanda ukuta na kuingia kwa majirani bila kubisha hodi. Hapo ndipo alipomkumbuka baba yake zaidi. Alikumbuka foleni ya zamani mlangoni, watu na vikapu vyao, wengine wamevaa kandambili zisizofanana kwa sababu ya haraka. Mzee Unga alimpa kila mtu mkate wake na neno lake. "Huu umeungua kidogo, kama wewe." Watu walicheka, wakalipa, wakaondoka wameukumbatia mkate wa moto. Mikate arobaini iliisha kabla chai haijachemka. Siku zile zilikuwa tamu, asikwambie mtu.

Siku hizi wateja ni kumi na watano tu. Duka kubwa limefunguliwa barabarani, na mkate wa duka umekatwa vipande tayari, umefungwa kwenye plastiki. Watu wanasema hauna ladha. Wanasema hivyo huku wanaununua.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Mzee Unga alikuwa na usemi wake: "Mkate mmoja unakula mia nne." Maana yake ni kwamba kupika mkate mmoja kunagharimu mia nne, unga na kuni vyote ndani. Aliuuza mia tano. Mama Pacha aliuliza sokoni, akakuta bei za vitu ni zile zile, kwa hiyo akalishika neno la baba yake kama amana. Kila jioni aliandika daftarini: mikate kumi na mitano, faida mia moja kwa kila mmoja, jumla elfu moja na mia tano. Kwa siku sita ni elfu tisa. Daftari lilinona, lakini kopo la pesa lilikonda.

Ikifika Jumamosi, pesa za kununulia unga na kuni za Jumatatu hazikutosha. Mama Pacha alichukua akiba yake mwenyewe kuzibia pengo. Wiki hii akazibia, na wiki iliyofuata tena. Mtu akipoteza kitu asichokiona, huanza kuwatazama watu. Naye akaanza kumtazama mama yake kwa jicho la pembeni.

"Mama," alimwambia siku moja, "kuna watu unawapa mkate bure?"

Bibi akaweka kikombe chini. "Watu gani?"

"Nauliza tu. Kwa wiki natakiwa nipate elfu tisa. Badala yake nimeongeza elfu sita zangu."

"Kwa hiyo mimi ni mwizi wa mikate ya mume wangu."

"Sikusema hivyo, mama."

"Hujasema kwa mdomo. Umesema kwa macho."

Bibi akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Mama Pacha alibaki jikoni peke yake, akijichukia.

Jumapili akaja kaka yake mkubwa. Ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache na viganja kama vipande vya mbao. Alizunguka uani na kamba yake ya kupimia.

"Mdogo wangu," alisema, "hapa panatoka vyumba viwili vya kupangisha. Matofali ya tanuri yatasaidia kwenye msingi."

"Hilo ni tanuri la baba."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili nikimpa baba matofali hayo, moja moja. Usinifundishe ni la nani." Akakunja kamba yake. "Lakini maji yamezidi unga. Akiba yako ikiisha, utakula harufu?"

Alimpa muda mpaka mwisho wa mwezi. Kama tanuri haliwezi kujilipia, atalivunja. Hakusema kwa ubaya. Kabla ya kuondoka alipita karibu nalo, akaligusa.

Asubuhi ya Jumatatu, Bi Mita alikuja kuchukua mkate wake. Huyu ni jirani, mstaafu wa kampuni ya umeme. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka nyumba kwa nyumba akisoma mita, na hakuna mbwa mtaani asiyemfahamu. Alimkuta Mama Pacha amekaa mbele ya tanuri, macho mekundu.

"Ni moshi tu," alisema Mama Pacha.

"Moshi gani, na tanuri limeshazimwa?" Bi Mita akavuta kigoda. "Haya, nipe habari."

Mama Pacha akamweleza yote, hata lile la mama yake, ambalo lilimtia aibu. Bi Mita aliomba daftari. Alishusha miwani puani, akasoma kurasa tatu nne.

"Kuni ziko wapi humu?"

"Ziko ndani ya mia nne. Baba ndivyo alivyosema."

"Leo umechoma kuni kiasi gani?"

"Mkokoteni mmoja. Elfu nne."

"Na baba yako, zamani za mikate arobaini?"

"Mkokoteni mmoja."

"Ukipika mikate mitano je?"

Mama Pacha akafikiri. "Mkokoteni mmoja vilevile. Lazima matofali yaive kwanza. Tanuri halijui utaingiza mikate mingapi."

"Umejisikia ulivyosema?"

Hakuwa amejisikia. Bi Mita akasogeza kigoda karibu.

"Ukisafiri mwezi mzima, ukazima kila taa, bili ya umeme inakuja sifuri?"

"Haiji sifuri. Kuna ile pesa ya kila mwezi."

"Hiyo haibadiliki. Halafu kuna pesa ya kila yuniti, na hiyo inapanda kadiri unavyotumia. Watu wamenifukuza na fagio kwa sababu ya mambo hayo mawili, mwanangu. Na tanuri lako lina mambo hayo hayo mawili. Kuna gharama inayokaa palepale, nayo ni kuni. Kuna gharama inayopanda kwa kila mkate. Wewe umezikoroga pamoja."

Wakaingia jikoni. Kwenye meza ya kukandia kulikuwa na unga uliobaki. Bi Mita akausambaza kwa kiganja ukawa kama ubao.

"Mkate mmoja, ukiacha kuni, unakula nini?"

"Unga wa mia mbili na ishirini. Hamira ya thelathini. Mafuta na chumvi, hamsini."

"Jumla?"

"Mia tatu."

"Mikate kumi itakula ngapi?"

"Elfu tatu. Mia tatu mara kumi."

"Keshokutwa utapata wateja wangapi?"

"Sasa hilo nitalijuaje?"

"Vizuri. Idadi usiyoijua unaipa herufi, ikushikie nafasi. Tuite m, kwa ajili ya mikate. Unga na wenzake wanakula mia tatu mara m." Akaandika kwa kidole kwenye unga: 300m. "Namba ikikaa ubavuni mwa herufi hivi, maana yake zinazidishwa. Sasa zilete kuni. Zinakuja mara moja tu." Akaongeza, ikawa hivi:

300m + 4,000

Mama Pacha aliyatazama maandishi yale kwa mashaka. "Hii si aljebra? Mimi niliikimbia shuleni."

"Imekufuata mpaka jikoni. Ikaribishe. Leo m ni kumi na tano. Piga hesabu."

Mama Pacha akajumlisha mia tatu na elfu nne, akapata 4,300. Akazidisha kwa kumi na tano. Alihangaika, akafuta, akaandika tena, mpaka ikatoka 64,500. Bi Mita alicheka hadi miwani ikamdondoka kwenye unga.

"Mwanangu, mkate wa elfu nne na mia tatu utamuuzia nani? Umeununulia kila mkate mkokoteni wake wa kuni. Zidisha kwanza upande wa mikate. Kuni ziongeze mwisho, mara moja."

Mama Pacha naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaandika upya:

300 × 15 = 4,500

4,500 + 4,000 = 8,500

"Na leo umeuza ngapi?" aliuliza Bi Mita.

"Mia tano mara kumi na tano. Elfu saba na mia tano." Akazitazama namba mbili zile. "Nimepoteza elfu moja."

"Leo hii."

"Kila siku. Mara sita ni elfu sita." Ndizo zile elfu sita alizokuwa akizibia pengo kila wiki. Hakuna mkono ulioziiba. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kinaingia getini kila asubuhi kwa mkokoteni, naye anakilipa kwa shukrani.

Kisha likamjia wazo lililomuuma zaidi. "Ina maana baba alikosea miaka yote?"

"Weka arobaini mahali pa m, uone."

300 × 40 = 12,000

12,000 + 4,000 = 16,000

"Sasa gawa kwa mikate yako arobaini."

Aligawa taratibu. Ikatoka mia nne kamili. Mama Pacha aliacha kidole chake palepale kwenye unga, akalia bila kusingizia moshi.

"Alikuwa sahihi," alisema.

"Alikuwa sahihi kabisa, kwa siku ya mikate arobaini. Mzigo mmoja wa kuni ulibebwa na mikate arobaini, kila mmoja ukabeba kidogo. Wewe umeichukua hesabu ya siku zake ukaivisha siku zako. Haikutoshi, kama ambavyo viatu vyake visingekutosha."

Wakajaribu namba nyingine. Mikate kumi iligharimu elfu saba na kuuzwa elfu tano. Hapo ni hasara. Mikate ishirini iligharimu elfu kumi na kuuzwa elfu kumi. Hapo ni kazi bure. Mikate thelathini iligharimu elfu kumi na tatu na kuuzwa elfu kumi na tano. Hapo ndipo faida ilipoonekana.

"Kwa hiyo chini ya ishirini nisiwashe kabisa," alisema Mama Pacha. "Lakini kwa siku napata wateja kumi na watano."

"Kwa siku moja. Mkate wako unakaa siku ngapi?"

"Ukifungwa kwenye kitambaa, siku mbili hauna neno." Safari hii hakuhitaji kuulizwa. "Nikipika siku moja na kuacha moja, wale kumi na watano watachukua miwili miwili. Mikate thelathini, mkokoteni mmoja."

Bi Mita akajipangusa unga kwenye miwani. "Nipe mkate wangu niende. Chai yangu imeshapoa huko."

Kabla ya jambo lingine lolote, Mama Pacha alienda kugonga mlango wa chumba cha mama yake.

"Mama, naomba unisamehe. Hakuna mkate uliotoka bure."

"Upo mmoja," alisema Bibi. "Nilimpa yule fundi viatu. Hana meno, na ulikuwa laini. Lakini ni mmoja tu."

Wakashikana mikono. Kisha Mama Pacha akamweleza mpango: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu. Bibi akautoa mkono wake.

"Siku nyingine tanuri lilale?"

"Lipumzike, mama."

"Baba yako, ukiacha Jumapili, hakulilaza hata siku moja. Alikuwa na homa, akapika. Siku tuliyomzika mama yake, alipika kwanza. Leo wewe na huyo msoma mita mnataka niamke nikute tanuri la baridi, kama mtu aliyekufa?"

Hesabu ilikuwa wazi, lakini huzuni haina hesabu. Siku mbili Bibi hakuzungumza na mtu. Siku ya tatu alikuja jikoni mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Kaka yako akilivunja, sitaliona la moto wala la baridi," alisema. "Fanya hivyo unavyotaka. Ila siku za kulala mimi siendi uani kuliona."

Wiki iliyofuata Mama Pacha aliwaambia wateja. Wengine walinung'unika. Mmoja alisema atahamia dukani, na kweli akahama. Wengi walileta vitambaa vyao. Siku ya kwanza ilitoka mikate ishirini na sita. Mama Pacha alikaa mezani, akaandika bila kumwita mtu:

300 × 26 = 7,800

7,800 + 4,000 = 11,800

Mauzo yalikuwa elfu kumi na tatu. Faida ilikuwa elfu moja na mia mbili. Alizitoa pesa kwenye kopo, akazihesabu, zikalingana na daftari. Alizihesabu tena kwa raha tu. Wiki ya pili mwenye kibanda cha chai akaomba mikate sita kila siku ya kupika, na idadi ikapita thelathini.

Siku ya mwisho ya mwezi, fundi mwashi alikuja na kamba yake. Dada yake hakumlilia. Alimkalisha mezani, akamwandikia 300m + 4,000, akamweleza kila kipande.

Kaka yake alikuna kidevu. "Na siku wakiagiza mikate kumi na minane tu?"

"Mia tatu mara kumi na nane ni elfu tano na mia nne. Na kuni, elfu tisa na mia nne. Nitauza elfu tisa. Nakosa mia nne, kwa hiyo siwashi. Nawaambia wangoje siku inayofuata ya kupika."

"Wakiagiza arobaini na mitano?"

"Gharama elfu kumi na saba na mia tano. Mauzo elfu ishirini na mbili na mia tano. Faida elfu tano."

Fundi alilitazama tanuri kupitia dirishani. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Mimi nikienda kujenga nakodi gari la kubeba vifaa. Elfu kumi, kazi iwe kubwa iwe ndogo. Bei nimekuwa nikitoa kwa mita ya ukuta tu."

"Hata kwa kuta fupi?"

"Hata kwa kuta fupi." Akashika kichwa. "Nimejenga nyingi sana mwaka huu."

"Kaa, kaka. Tuiandike na hiyo."

Waliiandika, wakala mkate, na habari ya vyumba vya kupangisha haikutajwa tena siku hiyo wala siku nyingine.

Jumanne iliyofuata haikuwa siku ya kupika. Hata hivyo Mama Pacha aliamka alfajiri, kwa maana mazoea yana taabu. Akasikia mlango wa nyuma. Alipotoka alimkuta Bibi uani, amevaa shuka begani, amesimama mbele ya tanuri ambalo aliapa hataliona. Kiganja chake kilikuwa juu ya matofali.

"Bado lina uvuguvugu wa jana," alisema Bibi.

"Nilikuambia linapumzika tu, mama."

Walisimama pamoja. Mtaa ulikuwa kimya. Hakukuwa na kuni za kupasua wala sinia za kubeba, na hapakuwa na mteja anayesubiri.

"Miaka thelathini na moja," Bibi alisema. "Kila nikifumbua macho, upande wake wa kitanda umeshapoa. Ameshaondoka kuja huku. Jumapili alilala kama gogo, hata ungemwita asingesikia." Akavuta shuka vizuri. "Angalau angelala nami siku moja moja tu katikati ya wiki. Tungepanga kama ulivyopanga wewe."

Mama Pacha alitaka kumfariji. "Lakini baba alikuwa na mikate arobaini kila siku, mama. Hesabu yake ilimlipa."

"Najua ilimlipa," alisema Bibi. "Mimi sizungumzii pesa."

Kisha akamshika binti yake mkono, wakarudi ndani kulala mpaka kuche.